Kujifunza msamiati wa Kiingereza kwa muktadha

Kujifunza msamiati kwa muktadha ni kupata maana ya neno au nahau kutokana na maneno, sentensi na mazingira inamotokea, badala ya kukariri orodha au kufungua kamusi kila mara. Kwa anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili, njia hii hupata uzito baada ya hatua za mwanzo, kwa kuwa maneno ya ngazi ya juu ni mengi mno kufundishwa moja moja darasani. Hata hivyo ina sharti: msomaji awe tayari anajua karibu maneno yote mengine yaliyo katika ukurasa.

Chimbuko

Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyewahi kuishi na watu wa visiwa vya Trobriand, alieleza kuwa usemi haueleweki ukitengwa na tukio lililouzaa. Mwanaisimu J. R. Firth wa London aliendeleza wazo hilo na kutilia mkazo maneno yanayozoea kufuatana. Baadaye John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham aliongoza utungaji wa kamusi ya Cobuild ya 1987, iliyotegemea matini halisi zilizokusanywa kwenye kompyuta na kufafanua maneno kwa sentensi kamili. Upande wa ufundishaji, Michael West, aliyefanya kazi Bengal, aliandika vitabu vya kusoma vyenye msamiati uliochujwa. Orodha yake ya maneno ya msingi yapatayo 2,000 ilitoka mwaka 1953.

Kizingiti cha maneno

Mwaka 1989 Batia Laufer alipendekeza kuwa msomaji anahitaji kujua asilimia 95 ya maneno ya matini ili aielewe vya kutosha. Kwa kiwango hicho, neno moja kati ya kila 20 bado ni geni. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation waliwapa wanafunzi hadithi ambayo baadhi ya maneno yake yalibadilishwa kuwa maneno ya kubuni. Waliojua asilimia 80 tu ya maneno hawakuielewa ipasavyo hata mmoja. Watafiti hao walikadiria kuwa kiwango kinachofaa ni asilimia 98, yaani neno geni moja kati ya 50. Mwaka 2006 Nation alikadiria kuwa kufikia kiwango hicho katika riwaya na magazeti kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, familia ikiwa ni neno pamoja na minyambuliko yake.

Namna ya kukisia

Mwaka 1980 D. F. Clarke na Nation walipanga hatua za kukisia: kutambua aina ya neno, kuchunguza maneno ya jirani, kutazama uhusiano wa sentensi, kukisia, kisha kuhakiki. Katika sentensi *The chairman remained adamant, although every member begged him to reconsider*, nafasi ya *adamant* baada ya *remained* inaonyesha kuwa ni kivumishi. *Although* inaashiria mambo yanayopingana, na wajumbe wanasihi uamuzi ufikiriwe upya. Msomaji anaweza kuhitimisha kuwa mwenyekiti ameshikilia msimamo wake. Asipojua *begged* na *reconsider*, hana pa kuanzia.

Marudio

Kukutana na neno mara moja hakutoshi. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na Swanborn na de Glopper mwaka 1999 ulionyesha kuwa wanafunzi hupata takriban asilimia 15 ya maneno mageni wanayokutana nayo katika usomaji wa kawaida. Mwaka 1978 Saragi, Nation na Meister waliwapa wazawa wa Kiingereza riwaya ya Anthony Burgess, *A Clockwork Orange*, iliyojaa misimu ya vijana iliyochotwa hasa kutoka Kirusi. Walipopewa mtihani bila kutarajia, walijua takriban robo tatu ya maneno yaliyoulizwa, kwa kuwa mengi yalijirudia kitabuni. Jaribio kama hilo la mwaka 1989 kwa wanafunzi wa lugha ya pili, waliosoma sura mbili tu, lilileta mafanikio madogo.

Nahau

Nahau ni ngumu kwa sababu mara nyingi haionekani kuwa ngeni. Asiyezaliwa na Kiswahili akisikia kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, hufikiria chakula. Vivyo hivyo, maneno yote ya *sit on the fence* hufundishwa mapema, lakini maana yake ni kukataa kuegemea upande wowote. Laufer aliita hali hii uwazi wa kudanganya: hata *shortcomings*, yaani kasoro, mwanafunzi huweza kulidhani ni ujio mfupi na kupita bila kushuku. Hapa dalili ya kwanza ni maana ya juujuu kutopatana na habari inayosimuliwa. Frank Boers na wenzake walionyesha kuwa kujua asili ya nahau husaidia kuikumbuka. Mfano ni *throw in the towel*, iliyotoka kwenye ndondi: msaidizi wa bondia hutupa taulo ulingoni kukubali kushindwa.

Mipaka

Kisio baya lisilosahihishwa huweza kuota mizizi. Pia, matini ikieleweka kirahisi bila neno fulani, neno hilo hupitwa tu. Nadharia ya Laufer na Jan Hulstijn ya 2001 inasema neno hukaa akilini kadiri mwanafunzi anavyolihitaji, kulitafuta na kulipima dhidi ya mengine. Kwa hiyo wataalamu wengi hushauri kukisia kwanza, kuhakiki kwa kamusi, kisha kulitumia neno katika sentensi.

Shuleni

Huko Fiji, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vingi vya hadithi katika shule za vijijini. Matokeo yaliyochapishwa 1983 yalionyesha wanafunzi hao wakiwapita wenzao katika kusoma. Nchini Tanzania, ambako Kiingereza hutumika kufundishia sekondari, ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 ilibaini kuwa wanafunzi wengi hawakukimudu vya kutosha kujifunzia masomo. Mradi uliofuata kwa msaada wa Uingereza uliwapa vitabu vyepesi vya kusoma, kwa kuwa muktadha wa kitabu cha kiada hauwezi kumfundisha asiyejua sehemu kubwa ya maneno yake.