Bonde la Dhambi: Utetezi wa Banka la Nyasi

Kwenye uwanja mkongwe wa St Andrews, Scotland, shimo la 18 halina banka hata moja. Kilichopo mbele ya grini ni bonde dogo la nyasi fupi, ambalo wenyeji huliita Bonde la Dhambi. Ukiliangalia pichani unaweza kujiuliza dhambi yenyewe iko wapi. Muulize Costantino Rocca.

Tarehe 23 Julai 1995 Mwitaliano huyo alifika hapo akiwa na mikwaju miwili tu ya kumfikia John Daly wa Marekani katika mashindano ya The Open. Wa kwanza ukaharibika, mpira ukaishia bondeni. Watu wakajua kwisha habari. Rocca akashika fimbo ya kusukumia, akausukuma kutoka kule chini, karibu mita 20. Ukapanda, ukapinda, ukaingia. Akaanguka akaipiga ardhi kwa ngumi. Wakaongezewa mashimo manne, na kwenye la 17 mpira wake ukatumbukia katika banka la mchanga. Alihitaji mikwaju mitatu kutoka humo. Daly akabeba kombe.

Mimi huyatazama mashimo hayo mawili kama hoja nzima. Mchanga ulimwachia njia moja: piga kwa nguvu, uombe Mungu. Nyasi zilimpa uhuru wa kuchagua, yaani aunyanyue mpira, auviringishe au ausukume, na uhuru huo ndio uliomponza kwanza kisha ukamwokoa. Hata sheria za gofu hazilihesabu bonde la nyasi kuwa banka. Unaruhusiwa kugusisha fimbo chini kabla ya kupiga. Tabu yake iko kichwani.

Kihistoria, mchanga ulikuwa na haki yake. Gofu ya Scotland ilikulia pwani, juu ya vilima vya mchanga ambavyo upepo ulivichimbua wenyewe, na kondoo, inasemekana, wakajikinga humo na baridi. Mchezo ulipohamia bara, watu wakaanza kuchimba mashimo na kusomba mchanga wa kuyajaza. Hapo ukawa pambo, tena pambo la gharama: kila siku lazima usawazishwe kwa reki, na mvua kubwa ikipita, unarudishwa kwa koleo.

Lakini pale Ashdown Forest, kusini mwa Uingereza, hawakuwa na ruhusa ya kuchimba. Msitu ule (ndio huohuo wa hadithi za Winnie-the-Pooh) una baraza la kuulinda tangu 1885, na klabu ya gofu iliyoanza 1888 ilibidi iuchukue ulivyo: vijito, vichaka, mabonde ya nyasi. Hadi leo haina banka la mchanga. Bernard Darwin, mjukuu wa Charles na mwandishi wa gofu mwenye kalamu nzuri kuliko wengi, aliusifu uwanja huo katika kitabu chake cha 1910: mtu humaliza mzunguko ndipo anashtuka kwamba hakuliona banka hata moja. Sifa gani tena mbunifu angetaka?

Kasoro zipo, tusidanganyane. Bonde lisilo na njia ya maji linakuwa dimbwi, na kingo zikiwa kali mashine haipandi; nyasi zikatwe kwa mkono.

Alister MacKenzie, daktari aliyegeuka mbunifu, alijua hesabu hizo zote. Alipojenga Augusta National kule Georgia pamoja na Bobby Jones, wakati Marekani imebanwa na mdororo wa uchumi, aliweka mabanka 22 tu kwa mashimo 18. Kazi iliyobaki aliiachia miinuko na mabonde. Grini ya shimo la nane aliizungushia matuta ya nyasi. Alifariki Januari 1934, miezi miwili kabla ya mashindano ya kwanza kuchezwa pale. Leo mabanka ya Augusta yamepita 40, yote ya mchanga mweupe pe.