Uzio wa chini ya ardhi wa kumzuia mbwa

WAKATI wengi hujenga ukuta ili mbwa asitoke nje, nchini Marekani wapo wanaofukia waya tu. Uzio huo usioonekana ulibuniwa na Richard Peck, wa jimbo la Pennsylvania, miaka ya 1970.

Waya hufukiwa sentimita chache kuzunguka uwanja, na ncha zake mbili hurudishwa kwenye mtambo mdogo ndani ya nyumba unaorusha mawimbi ya redio. Mbwa huvishwa mkanda wa shingoni wenye kipokea mawimbi. Akikaribia mpaka husikia mlio. Akiendelea, hupigwa shoti. Nyaya mbili zinazotoka mtamboni hadi mpakani sharti zisokotwe pamoja ili mawimbi yake yafutane, la sivyo mbwa atapigwa shoti mlangoni mwake mwenyewe.

Kazi kubwa si kuchimba bali kufundisha. Vibendera huchomekwa mpakani, na mbwa huongozwa kwa kamba kila siku kwa takriban wiki mbili. Asiyefundishwa huweza kuchomoka mbio kwa maumivu, kisha akaogopa kurejea.

Wala uzio huo haumzuii mwizi au mbwa wa jirani kuingia. Wales, nchini Uingereza, ilipiga marufuku mikanda hiyo ya shoti mwaka 2010.