Majigambo ya Manowari Nyeupe: Usomaji wa Stereografu za Msafara wa 1907–1909

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuchunguza maandishi na masimulizi, ila ni nadra wao kuzichunguza picha zilizouzwa pamoja na maandishi ya kuzifafanua. Makala haya yanajadili stereografu za manowari za Marekani katika msafara wa 1907 hadi 1909. Hoja inayotetewa ni kwamba kadi hizo ni aina ya majigambo, na kwamba, kama majigambo yoyote, husomeka vyema kwa kuzingatia yale yanayonyamaziwa.

Stereografu ni kadi yenye picha mbili za kitu kimoja, zilizopigwa kwa lenzi mbili zilizoachana kwa takriban umbali uliopo baina ya macho ya binadamu. Charles Wheatstone alieleza kanuni yake mwaka 1838. Baadaye Oliver Wendell Holmes akabuni kifaa chepesi cha mkononi cha kuitazamia. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, kampuni kama Underwood & Underwood na Keystone View Company ziliuza kadi hizi kwa seti, nyingi zikiwa na maelezo marefu mgongoni. Mtazamaji, kwa hivyo, alikuwa msomaji vilevile.

Tarehe 16 Desemba 1907, manowari 16 zilizopakwa rangi nyeupe na kupambwa omo kwa rangi ya dhahabu ziling'oa nanga Hampton Roads, Virginia. Rais Theodore Roosevelt alizikagua akiwa ndani ya Mayflower, nazo zikapita moja baada ya nyingine zikipiga mizinga 21 ya heshima. Zilizunguka dunia na takriban mabaharia 14,000, zikarejea tarehe 22 Februari 1909.

Kifani, sherehe ya namna hii humtatiza mpigapicha. Tofauti baina ya picha mbili hupungua kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Manowari iliyo mbali baharini huonekana bapa. Suluhisho ni kuweka kitu karibu na lenzi: ukingo wa sitaha, mdomo wa mzinga, migongo ya mabaharia. Mbinu hii ya kiufundi ina athari ya kiitikadi. Anayetazama hajioni ufuoni, miongoni mwa wanaoonyeshwa nguvu. Hujiona sitahani, nyuma ya mzinga. Fani imekwisha kumpa mahali pa kusimama kabla maudhui hayajamwambia lolote. Ndivyo majigambo nayo yafanyavyo: nafsi ya kwanza huivuta hadhira upande wa shujaa.

Je, ni nini kinachonyamaziwa? Kwanza ni kazi. Weupe wa meli uliwezekana kwa jasho la wachochea tanuri na wapakiaji makaa ya mawe, ambao vumbi lao lilisafishwa kabla ya kila gwaride. Pili ni utegemezi. Marekani haikuwa na meli za kutosha za kubebea makaa hayo, ikalazimika kukodi za kigeni, hasa za Uingereza. Tatu ni uchakavu. Mwaka 1906 Uingereza ilikuwa imezindua HMS Dreadnought, yenye mizinga mikubwa kumi, ilhali kila moja ya manowari hizo 16 ilikuwa na minne. Zilionyeshwa kuwa kilele cha nguvu wakati zilikwisha kupitwa.

Huenda ikadaiwa kwamba kadi hizi zilikuwa burudani tu ya sebuleni. Hata hivyo, kampuni hizo ziliuza seti zao mashuleni pia, na mtoto aliyejifunza jiografia kwa kifaa hicho alijifunza pia kuutazama ulimwengu kutoka sitahani.

Baada ya msafara, manowari zilipakwa rangi ya kijivu, rangi ifaayo vita. Weupe ukabaki kwenye kadi. Jukumu la mhakiki si kukanusha uzuri wa taswira hiyo, bali kuuliza ni nani aliyewekwa nyuma ya mzinga, na ni nani aliyeachwa tanurini.