Mlalo, Kitangulizi na Mkao

Katika kliniki za wajawazito za Temeke, kuanzia Mbagala Rangi Tatu mpaka Yombo Vituka, ibara moja haikosi kusikika katika miezi ya mwisho ya mimba, nayo ni kwamba mtoto “kakaa vibaya”. Na aghalabu aliyeambiwa hivyo hurudi nyumbani na hofu tele na maarifa haba, kwa kuwa maneno hayo mawili yamebebeshwa mambo matatu yaliyo mbalimbali, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni mlalo, yaani jinsi uti wa mgongo wa mtoto unavyolingana na wa mama yake: waweza kuwa wima, ukawa mshazari, au ukakingama. La pili ni kitangulizi, nacho ni kiungo kilichotangulia penye mlango wa nyonga, kikiwa kichwa, matako, au bega. Istilahi hii naipenda kuliko zote, maana imechongwa kwa kitenzi ambacho wanawake walikwisha kukitumia waliposema fulani alizaliwa ametanguliza miguu. La tatu ni mkao, na hapa wengi huteleza, kwani hata aliyetanguliza kichwa huenda kisogo chake kimeelekea mgongo wa mama badala ya tumbo.

Mkunga hayajui haya kwa kubahatisha. Mama hulala chali, magoti ameyakunja kidogo, naye mkunga, akiisha kupasha mikono yake joto, hupapasa kwanza juu ya tumbo, chini ya chembe ya moyo: akikuta kitu kigumu cha mviringo, kinachodunda baina ya viganja pasipo kutikisa kiwiliwili, hicho ni kichwa, na kwa hiyo matako ndiyo yaliyo chini. Kisha hushuka ubavuni kutafuta mgongo, upande mmoja umesawazika, wa pili una vifundo vifundo vya mikono na miguu.

“Nesi, kakaaje?”

“Katanguliza matako, mama, lakini wiki zako bado.”

Jibu hilo si la kumtuliza tu. Katika wiki ya 28 yapata robo ya watoto hutanguliza matako, hali ifikapo wiki ya 37 wanaosalia hivyo ni watatu au wanne katika kila mia, wengine wamekwisha kujigeuza. Aliyesalia, daktari aweza kujaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, chumba cha upasuaji kikiwa karibu; jambo lisilofanana hata kidogo na kukandwa tumbo kwa mafuta ya nazi uani, ambako simshauri mtu.

Mtoto wa miezi kamili aliyekingama, huyo hazaliki kwa njia ya kawaida, uchungu uwe mkali namna gani: chupa ikipasuka, mkono au kitovu hutangulia, na fuko la uzazi, likishindana na kizuizi, huweza kuchanika. Hatari hii humwandama zaidi mama wa uzao wa tano au wa sita, ambaye misuli ya tumbo imelegea na ambaye, kwa uzoefu wake, huiona kliniki ni usumbufu. Naye yampasa awe hospitali ya rufaa kabla uchungu haujaanza.

Ama kisogo kilichoelekea mgongoni, hicho aghalabu humchelewesha mtoto: kichwa huingia nyongani kwa kipimo kipana zaidi, mama hulalamikia kiuno kuliko tumbo, na saa hurefuka; lakini wengi huzunguka wenyewe katikati ya uchungu, ndiyo maana mkunga humwambia mama atembee, au alalie ubavu, kabla ya kutaja kisu.