Mtaro Unaishia Wapi?

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Waathirika wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Maji yakakauka, swali likabaki: ya vyooni yalikwenda wapi?

Uswahilini jibu la kwanza linajulikana. Mvua ikikolea, kuna wanaotapisha vyoo: wanatoboa shimo, uchafu unaondoka na maji. Unaondoka kwako, unafika kwa jirani wa bondeni.

Kompyuta inaweza kukadiria safari hiyo, ila lazima kwanza iambiwe mtaro unaanzia wapi, una upana na kina gani, umeziba wapi. Ndiyo kazi waliyoianza Ramani Huria mwaka 2015: wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa wakatembea na simu mkononi, wakiichora mitaro. Mwaka huohuo kipindupindu kikalipuka jijini.

Kwa hiyo historia ya utabiri huu kwetu ni historia ya miguu. Na mtaro uliochorwa safi ukijazwa taka leo, ramani inadanganya kesho. Lazima mtu arudi tena kutembea. Nani anamlipa?