Meno ya Kitana

Panga vijiti vitano vya chuma sambamba ndani ya kasha, vikaribiane bila kugusana. Wimbi la redio likiingia kwenye kijiti cha kwanza, cha pili nacho huanza kuvuma, kisha cha tatu, mpaka cha mwisho. Masafa yanayowiana na vijiti hupita. Mengine huishia njiani. Hicho ni kichujio, na wakati wa Vita Baridi waliowinda rada za adui walikihitaji sana.

Mwaka 1958 Seymour Cohn, wa Stanford Research Institute huko California, alichapisha hesabu za kusanifu vichujio vya njia sambamba. George Matthaei, wa taasisi hiyohiyo, alifuata mwaka 1963 na umbo dogo zaidi: vijiti vyote vimeshikizwa kwenye ukuta wa upande mmoja, kama meno ya kitana.

Hapo kuna mtego. Meno ya namna hiyo yakiwa na urefu wa robo ya wimbi, hayapitishi kitu. Umeme unavusha wimbi kwenda jino la pili, sumaku inalirudisha kwa kiasi kilekile. Ilibidi meno yawe mafupi zaidi, mara nyingi nusu ya urefu huo au chini yake. Lakini jino fupi huvuma kwa masafa ya juu mno, kwa hiyo kwenye ncha ya kila jino ikawekwa kapasita ya kuyashusha. Ukitaka ukali, utaiita kiraka. Kwangu mimi ndiyo sehemu tamu ya kazi nzima, kwa sababu ukibadilisha kapasita, masafa yanahama.

Kwa mkono, hiyo ni kazi ya kuzungusha skrubu, jino baada ya jino, na rada haimsubiri fundi. Mwaka 1982 Ian Hunter na David Rhodes, wahandisi wa Leeds, Uingereza, walieleza jinsi ya kutumia varakta: dayodi inayofanya kazi ya kapasita, ambayo uwezo wake hupungua volti ya kinyume ikipanda. Skrubu haikuhitajika tena. Tena walionyesha kwamba, jino likiwa na urefu wa nyuzi kama 53, wimbi zima likihesabiwa 360, upana wa mlango haubadiliki sana masafa yanapohamishwa.

Varakta, hata hivyo, hula sehemu ya wimbi, na anayesikiliza rada ya mbali hana wimbi la kupoteza.