Ajax: Namna tovuti inavyopata data kutoka kwenye seva bila kufungua ukurasa upya

Ajax ni utaratibu unaouwezesha ukurasa wa tovuti uliokwisha kufunguliwa kuomba data kutoka kwenye seva na kuipokea bila ukurasa mzima kufunguliwa upya. Jina hilo lilitolewa na Jesse James Garrett, wa kampuni ya Adaptive Path ya Marekani, katika makala ya Februari 18, 2005.

Utaratibu wenyewe ulitangulia jina. Mwaka 1999 kampuni ya Microsoft iliingiza katika kivinjari chake, Internet Explorer 5, chombo kiitwacho XMLHTTP, kilichobuniwa kwa ajili ya huduma yake ya barua pepe. Mradi wa Mozilla ulitengeneza chombo kama hicho, XMLHttpRequest, na vivinjari vingine vikafuata. Gmail, iliyozinduliwa mwaka 2004, na Google Maps ya mwaka 2005 ndizo zilizoutangaza kwa umma.

Katika Ajax, programu ya JavaScript iliyomo ndani ya ukurasa hutuma ombi, kisha huendelea na kazi nyingine bila kungoja. Jibu likifika, kivinjari huita sehemu ya programu iliyotayarishwa kulipokea. Kwa njia hiyo, mtumiaji huendelea kusoma au kuandika wakati data iko njiani.

Hata hivyo, kutongoja huko ndiko chanzo cha makosa mengi. Chukua mfano wa ukurasa wa kukata tiketi za basi unaoiuliza seva nauli. Iwapo mstari unaofuata ombi utazidisha nauli kwa idadi ya abiria, hesabu itafanyika kabla nauli haijafika, na jumla haitapatikana. Hesabu hiyo haina budi kuwekwa ndani ya sehemu inayopokea jibu. Chombo kipya cha fetch, kilichoanza kuingia katika vivinjari mwaka 2015, pamoja na maneno async na await yaliyoongezwa katika JavaScript mwaka 2017, vimerahisisha uandishi huo, lakini havikuondoa safari ya data.

Aidha, majibu hayafiki lazima kwa mpangilio wa maombi. Abiria akichagua basi la asubuhi, kisha akabadili na kuchagua la jioni, nauli ya asubuhi inaweza kuchelewa na kuifuta ile ya jioni kwenye skrini. Kwa hiyo programu hupaswa kulitupa jibu la ombi lililokwisha kupitwa na wakati.

Zaidi ya yote, data ikishafika katika kivinjari huwa mikononi mwa mtumiaji, naye anaweza kuisoma yote na hata kuibadili. Ndiyo maana maneno ya siri ya mfumo hayapelekwi huko, na seva hulazimika kuikokotoa nauli upya kabla ya kupokea malipo. Nauli inayoonekana kwenye skrini ni taarifa kwa abiria. Inayotozwa ni ile iliyothibitishwa na seva.